Breki Iliyokataa Mteremko wa Dundori

Katika gereji za Nakuru za siku hizi, ukimuuliza fundi gari lina ugonjwa gani, hakuambii ugonjwa; anakuambia cha kubadilisha. Badilisha hiki. Kikikataa, badilisha kile. Na kile kikikataa, rudi wiki ijayo. Nicodemus Ogada alilichukia neno hilo kama mtu anavyomchukia jirani mwenye mbwa mkali. Alikuwa na miaka sitini na saba, fundi wa waya za magari tangu ujanani, na miaka yote hiyo alishika jambo moja tu: umeme una njia, njia ina mwanzo na mwisho, na mtu akiifuata hatua kwa hatua atafika pale ulipokatika. Asipofika, basi ameruka hatua.

Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, baba yake akiwa ametoka Siaya kuja kufanya kazi ya treni. Shule ilimwachia darasa la saba. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya mafundi vilivyotupwa ofisi zilipokuwa zikihama, akisoma na kamusi kando, wakati mwingine ukurasa mmoja kwa wiki nzima. Enzi hizo fundi alikuwa mtu wa kuamkiwa. Waya za lori zilifungwa pamoja kwa uzi uliopakwa nta, fundo baada ya fundo, na kila waya ilivishwa pete yenye namba, ili atakayekuja kesho ajue aliyepita jana alifanya nini. Leo kila kitu ni tepu nyeusi. Tepu juu ya tepu, mpaka lori linaonekana kama mgonjwa aliyetoroka wodi akiwa na bandeji zake.

Kampuni ya malori aliyoifanyia kazi kwa miaka ishirini na miwili ilikufa. Yadi yake iliuzwa, na sasa pamesimama ghorofa la vyumba vya kupangisha. Malori mapya yakaja na kompyuta. Kijana anachomeka kisanduku, kisanduku kinamwambia la kusema, naye anasema. Ogada akabaki na benchi lake kwenye kona ya gereji moja eneo la viwanda, akingoja malori ya kale, yale ambayo waya zake bado unaweza kuzifuata kwa vidole. Nayo malori hayo yalikuwa yakikatwa vyuma, moja baada ya jingine. Mwaka huo alikuwa ameletewa matatu tu.

La nne lililetwa Jumatatu asubuhi. Lilikuwa la kijani, la magurudumu kumi, na aliyeshuka kutoka kwenye usukani alikuwa mwanamke wa miaka kama ishirini na tisa, mwenye sweta nzito na viatu vya mpira vilivyojaa udongo wa shambani.

"Mzee, wewe ndiye Ogada wa waya?"

"Kama umetumwa na kanisa kuomba mchango, Ogada alihama."

"Nimetumwa na lori."

Ogada akaweka kikombe chake cha chai chini.

Jina lake lilikuwa Mugure, binti ya Ndung'u wa Dundori. Baba yake alisafirisha viazi kwa lori hilo mpaka alipofariki mwaka uliopita, na miaka mitano ya mwisho waliendesha kwa zamu, baba na binti. Sasa alikuwa peke yake. Na breki ya injini ilikuwa imemkataa.

Breki hiyo haishiki gurudumu. Inaibana injini yenyewe, igeuke mzigo badala ya nguvu, ili lori lizuiwe mteremkoni na breki za magurudumu zibaki baridi. Mtu anayeshusha viazi kutoka Dundori hadi Lanet bila breki hiyo anakanyaga breki za kawaida njia nzima, nazo zinapata moto, na zikipata moto wa kutosha zinaacha kushika.

"Hapa kwenye yadi inafanya," Mugure alisema. "Napandisha moto, naachilia, inanguruma vizuri. Nikiwa mteremkoni inashika kidogo, inaachilia. Inashika, inaachilia. Wiki jana nilifika Lanet magurudumu yakitoa moshi. Na Anko alikuwa amekuja kuningoja barabarani, akaona."

Huyo Anko alikuwa Gathogo, ndugu ya marehemu. Lori lilikuwa la ndugu hao wawili, na kwa kuwa Ndung'u hayupo, neno la mwisho lilikuwa lake. Alikuwa amekwisha zungumza na mnunuzi wa vyuma. Angekuja Jumamosi.

"Anasema amezika mtu mmoja mwaka jana, hataki kuzika wa pili," Mugure alisema. "Amenipa mpaka Ijumaa. Nikiteremka na mzigo na yeye akiwa ndani, na breki ishike, lori linabaki. Isiposhika, linakatwa. Na mimi sina kazi nyingine ninayoijua, mzee."

"Nani ameligusa?"

"Kibii."

Ogada alijifuta mikono, akavuka barabara.

Kibii alikuwa na miaka thelathini na miwili na gereji yake mwenyewe, na kofia aliyoivaa nyuma mbele. Alikuwa amelala chini ya pikapu, miguu tu ikionekana.

"Kibii! Kwa lori la msichana wa Dundori ulikata nini?"

"Sasa, mzee," miguu ilijibu. "Sikukata kitu. Swichi ya klachi ilikuwa imepasuka, nikaweka ingine. Aliporudi nikabadilisha ile ya dashibodi. Aliporudi tena nikabadilisha koili."

"Koili ilikuwa na ugonjwa gani?"

"Ilikuwa mzee."

"Hata mimi ni mzee. Utanibadilisha?"

Kibii akatoka chini ya pikapu akicheka. "Wewe spea zako hazipatikani."

Ogada alirudi kwake akiwa na hakika kwamba kijana alikuwa ameharibu kitu. Siku ya Jumanne nzima alilala chini ya lori na ndani ya lori. Njia yenyewe si ndefu. Umeme unatoka kwenye fyuzi, unapita swichi ya dashibodi, unapita swichi iliyo kwenye pedali ya klachi, unapita swichi nyingine kwenye pampu ya dizeli, kisha unaingia kwenye koili mbili juu ya injini, zinazoiwasha breki. Swichi zote tatu sharti ziwe zimefunga. Dereva akikanyaga mafuta, ile ya pampu inafungua. Akikanyaga klachi, ile ya klachi inafungua. Yoyote ikifungua, breki inaachilia, na ndivyo inavyotakiwa.

Ogada alibandua tepu yote. Alipitisha kila waya kati ya kidole gumba na cha shahada, akitafuta mahali palipoliwa na chuma. Alikwangua kutu pale waya ya hasi inapofungwa kwenye bodi. Alipima kwa taa yake, balbu ndogo ya indiketa iliyofungwa kwenye waya mbili, kifaa alichokitengeneza mwenyewe na ambacho hakikuwahi kumdanganya. Kila mahali taa iliwaka. Jioni akafunga waya upya kwa uzi wa nta, maana hakuweza kuziacha vile, akaenda nyumbani bila kupata kitu.

Asubuhi, mkewe Eucabeth alimwekea uji, naye akautazama tu.

"Unaumwa?"

"Hakuna mahali palipokatika."

"Basi si jambo zuri hilo?"

"Si zuri. Gari likiwa zima na halifanyi, mjinga ni mimi."

"Nicodemus, miaka arobaini na moja unaziuliza waya maswali," Eucabeth alisema. "Mimi hapa hujawahi kuniuliza kama nimelala vizuri."

"Umelala vizuri?"

"Hapana. Ulikuwa ukihesabu swichi usingizini. Kunywa uji."

Akanywa. Na alipokuwa akinywa ndipo alipolikubali jambo ambalo kiburi kilikuwa kimemzuia kulikubali. Lori halikuwa likikataa kwenye yadi. Lilikuwa likikataa Dundori. Basi yadi haingemwambia kitu, hata akilala chini yake mwezi mzima.

Siku hiyo ya Jumatano akavuta waya ndefu kutoka kwenye koili, akaipitisha dirishani, akafunga taa yake juu ya dashibodi. Wakapanda Dundori lori likiwa tupu. Asubuhi ilikuwa ya baridi, ukungu umelala juu ya mashamba ya viazi, na wanawake wenye mitungi ya maziwa wameketi kando wakimpungia Mugure mkono. Huko juu wakageuza.

"Shuka kama unavyoshuka siku zote," Ogada alimwambia. "Usinifanyie adabu kwa sababu nipo."

Mugure akaweka gia ya chini, akaachilia mafuta. Taa ikawaka. Injini ikanguruma, lori likajizuia kama punda aliyeona maji. Halafu taa ikazimika. Ikawaka. Ikazimika, ikakaa hivyo.

"Unaona?" Mugure alisema. "Unaona, mzee?"

"Simama pale mbele."

Ogada alishuka, akahamisha waya ya taa mpaka mahali pa kabla ya swichi ya klachi. Wakaendelea. Safari hii taa iliwaka na haikutetemeka hata mara moja, ijapokuwa breki yenyewe iliendelea kushika na kuachilia. Akaihamishia upande wa pili wa swichi hiyo, kabla ya ile ya pampu, nayo ikazimika kama mwanzo. Basi umeme ulikuwa ukifika kwenye klachi salama, na hapo ndipo ulipopotea. Wakasimama tena. Akaitoa swichi ya Kibii, akaibonyeza kwa kidole mara hamsini. Ilikuwa nzima, bora kuliko nyingi alizowahi kuziona. Akairudisha, akiwa na hasira na swichi kwa kuwa nzima.

Walipoendelea hakuitazama taa tena. Aliinama, akatazama chini, pale swichi ilipo. Na hapo alikiona: kiatu cha mpira chenye udongo, kimetulia juu ya pedali ya klachi. Hakikukanyaga. Kilikuwa kimewekwa tu, kama mtu anavyoweka mkono juu ya meza.

"Nyathina," alisema, na neno hilo la kumwita mtu mtoto wangu hakulitumia kwa wateja, "nani alikufundisha kuendesha?"

"Baba."

"Alikuambia nini juu ya mguu wa kushoto?"

"Mguu usitoke kwa klachi." Mugure alijibu haraka, kama mtoto aliyeulizwa mstari wa kukariri katika ibada ya watoto. "Hii gari inaruka gia. Ikiruka mteremkoni, uwe tayari. Wakati nikijifunza, nikitoa mguu alikuwa ananigonga goti na rula."

"Na bado inaruka gia?"

Mugure akafikiri. "Giaboksi ilitengenezwa nikiwa sekondari, kidato cha pili."

"Toa mguu."

Akautoa. Breki ikashika, na ikaendelea kushika. Kona ya kwanza, kona ya pili, mpaka pale miti ya mkaratusi inapoanzia, lori lilishuka kwa mwendo mmoja na Mugure hakugusa breki ya kawaida hata kidogo. Halafu mguu ukarudi wenyewe, bila yeye kujua, na taa juu ya dashibodi ikafa.

"Lakini mzee," Mugure alisema walipofika chini, "nimeendesha hivi miaka mitano. Ilikuwa inashika!"

Hilo ndilo lililomkosesha Ogada raha, kwa kuwa lilikuwa kweli. Waliporudi gereji akavuka barabara tena kwa Kibii. Safari hii alisimama kwanza, akasubiri kijana amalize kukaza nati aliyokuwa akiikaza.

"Ulipoweka ile swichi ya klachi, hicho kipande cha bati kinachoishika kilikuwa vipi?"

"Kilikuwa kimepinda vibaya sana," Kibii alisema. "Nilishangaa. Nikakitoa, nikakigonga, nikakinyoosha. Si ndiyo kazi safi?"

Ogada akakaa juu ya tairi.

Bati ile haikuwa imepinda. Ilikuwa imepindwa. Ndung'u, mtu aliyekuwa na rula na gia ya kuogopa, alikuwa ameisogeza swichi mbali na pedali, ili mguu uweze kulala pale bila kuifungua. Hakuandika popote. Hakuvisha pete yenye namba. Akafa nayo, na fundi kijana mwenye mikono misafi akaliona kosa, akalinyoosha. Ogada alihisi uchungu ambao angeuhisi mtu akiona kaburi limelimwa. Vitu vingapi vimenyooshwa hivyo katika nchi hii, na watu wenye nia njema?

Mugure aliposikia hakusita. "Basi pinda tena. Pinda kama alivyopinda."

Ogada aliichukua koleo. Lingekuwa jambo la dakika mbili, na moyo wake wote ulitaka kulifanya. Akaingia chini ya dashibodi, akaishika bati, na ili apate nafasi akaisukuma pedali kwa mkono. Haikuwa na ule mlegeo wa mwanzo ambao pedali nzima huwa nao. Akashuka, akaingia chini ya lori, akanusa pale injini inapokutana na giaboksi. Klachi iliyoungua ina harufu yake, na huwezi kuisahau ukishaijua.

Akatoka akiwa mikono mitupu.

"Siipindi."

"Mzee!"

"Sikiliza. Mguu ukilala juu ya klachi, klachi haishiki yote. Inateleza kidogo kidogo, inaungua kidogo kidogo. Baba yako aliificha swichi isione mguu. Klachi hakuweza kuificha. Siku itakayoteleza mteremkoni, injini itanguruma yake na lori litakwenda lake, na hapo breki yote ya injini ni kelele tu."

Mugure akaitazama pedali ya klachi. "Kwa hivyo baba alikosea."

"Wakati gia inaruka, hakukosea. Mguu huo ulimwokoa yeye." Ogada alitafuta maneno, na maneno hayakuwa kazi yake. "Gia iliacha kuruka. Yeye hakuacha."

Siku ya Alhamisi waliitumia kwa mguu. Mguu haukusikia kuambiwa. Mugure alizunguka eneo la viwanda, na kila alipomaliza kubadilisha gia kiatu kilirudi juu ya pedali kama kuku anayerudi bandani. Alijitukana kwa Kikuyu. Kibii, aliyekuwa amekuja kutazama na soda mkononi, akasema heri wamfunge kamba.

"Nyamaza, nafikiri," Ogada alisema.

Akapanda kwenye kabini, akakaa mahali pa dereva, akaweka miguu yake vile vile. Wa kulia ulikuwa na kazi yake. Wa kushoto, akiutoa kwenye klachi, ulining'inia. Sakafu ilikuwa chini na imeinama, na hakukuwa na chochote cha kuukanyagia. Mguu ulikuwa ukirudi kwa sababu haukuwa na kwao.

"Kibii, una msumeno?"

"Wa chuma au wa mbao?"

"Wa mbao. Na bolti mbili za inchi nne."

Wakatengeneza kibao cha mkaratusi, kipana kama kiatu, kimeinamishwa kama pedali yenyewe. Kibii ndiye aliyetoboa sakafu, na alitoboa mashimo yaliyonyooka. Wakakifunga kushoto kwa klachi. Mugure akajaribu. Mguu ukaenda kwenye klachi, ukatafuta, ukateleza pembeni, ukakutana na kibao. Ukakaa.

"Aa," Mugure alisema.

Ogada alimgeukia Kibii. "Ile bati. Uliinyoosha vizuri."

"Mzee, subiri nitoe simu. Sema tena nirekodi."

"Ondoka hapa."

Ijumaa walipakia magunia ya viazi Dundori, mzigo kamili. Gathogo alikuja amevaa koti la ibada, mtu mfupi mwenye uso uliochoka, akamsalimia Ogada kwa mkono na lori kwa jicho baya. Akapanda, akakaa karibu na mlango, mkono mmoja ukishika kitasa. Ogada alikaa katikati, taa yake juu ya dashibodi, waya imefungwa tena upande wa koili.

"Hiyo ni ya nini?" Gathogo aliuliza.

"Ikiwaka, breki inashika."

"Na ikizimika?"

"Nitamwambia dereva."

Mugure alianza kushuka kabla mteremko haujawa mkali, gia ya chini, mafuta ameachilia. Taa ikawaka. Injini ikanguruma ile sauti nzito ya zamani, na kondoo waliokuwa kando ya barabara wakatawanyika. Uzito wa magunia ulisukuma kutoka nyuma. Mtu aliuhisi mgongoni. Lori likajizuia. Gathogo akatazama taa, akatazama barabara, akatazama taa.

Kwenye kona kali pikipiki ilijitokeza upande wao imebeba majani ya ng'ombe. Mugure alishtuka, na taa ikazimika. Lori likajiachilia. Gathogo akavuta pumzi, na kitasa kikalia mkononi mwake.

"Mguu," Ogada alisema, kwa sauti ile ile ambayo angeombea chumvi.

Kiatu kikasogea. Taa ikawaka. Pikipiki ikapita, mwendeshaji akiinua mkono kushukuru. Baada ya hapo haikuzimika tena. Ogada aliutazama uso wa msichana akiwa anashusha tani za viazi kwa mguu mmoja uliotulia na mwingine uliotulia, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alipomwona mtu akijifunza kitu kipya kwa siku moja na kukishika.

Kule Lanet walisimama pembeni. Gathogo alishuka kabla ya wote. Alichukua chupa ya maji, akaenda kwenye gurudumu la nyuma, lile lililotoa moshi wiki iliyopita, akamimina juu ya chuma chake. Maji yalitiririka, yakadondoka mavumbini. Hayakuchemka. Akazunguka upande wa pili, akamimina tena. Kisha akaweka kiganja chake kizima juu ya chuma, akakiacha pale.

Akatoa simu kwenye koti.

"Haloo, boss. Ile lori ya Jumamosi... Hapana, usikuje. Hapana, si mambo ya bei." Akamtazama Mugure, aliyekuwa amesimama akishika mlango kwa mikono miwili. "Iko na kazi."

Akakata, akafuta mkono wake wenye masizi kwenye koti la ibada bila kujali.

"Na hiyo klachi?" alimuuliza Ogada. "Mugure ameniambia imeungua."

"Itafika Krismasi akiiheshimu. Ibadilishwe kabla ya mvua ndefu."

Ogada alisikia neno lililotoka kinywani mwake, lakini lilikuwa limeshatoka, na lilikuwa la kweli.

"Basi tutabadilisha," Gathogo alisema. "Mugure, panda. Viazi haviwezi kukaa kwa jua."